Dingi anaamka mara nne usiku, wewe unacheka?

Wiki hii naomba tuweke kando habari za mapenzi na muziki, tuzungumze ishu ya madingi wetu.

Maana kijiweni ikitajwa tezi dume, kwanza ni kicheko. "Na kile kidole je?" anauliza mmoja, basi kijiwe kizima hakikaliki. Utani huo unaua, jamani. Dingi anausikia, anaona soo, anakaa na siri yake mpaka saratani inaingia kwenye mifupa.

Kwanza tuelewane. Tezi dume si ugonjwa. Kila mwanaume anayo, imekaa chini ya kibofu na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Umri ukienda inakua, inabana mrija, ndiyo maana mzee haishi kwenda msalani usiku. Mara nyingi hiyo si saratani, na dawa zipo. Saratani yenyewe ikiwa changa haiumi wala haisemi kitu. Ukingoja mzee alalamike, umechelewa.

Sasa hicho kidole. Bado kinatumika, ni suala la sekunde tu, na hakuna aliyewahi kupungukiwa uanaume kwa ajili yake. Lakini siku hizi mambo huanza na damu, kipimo kinaitwa PSA. Ikiwa juu, msianze kuweka matanga! Hata tezi iliyokua tu, ugonjwa wa njia ya mkojo na mambo ya chumbani huipandisha. Kwa hiyo siku mbili kabla ya kupima, mzee na mama walale mzungu wa nne.

Zamani PSA ikipanda, mtu alichomwa sindano za kutoa vinyama, nyingine kwa kubahatisha. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanaume 500, nusu yao wakianzia kwenye picha ya MRI. Katika hao wa MRI, 28 kwa kila 100 hawakuchomwa kabisa, na bado saratani za hatari zilinaswa nyingi zaidi.

Hofu nyingine, tusidanganyane, ni ya kitandani. Zamani operesheni hii iliwaacha wanaume wengi hoi. Mwaka 1982 Dk. Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, akaanza kupasua kwa kukwepa mishipa ya fahamu inayohusika na nguvu za kiume. Sisemi kila mtu hutoka salama, ila wengi wamepona na ndoa zao zipo.

Hospitali hiyo hiyo ndiko alikopasuliwa Jakaya Kikwete, Novemba 2014, akiwa Rais. Hakuficha kwamba ni saratani ya tezi dume. Mzee Mandela naye aligundulika nayo mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hadi 2013 akiwa na miaka 95. Sasa dingi wako anaficha nini?

Tena si kila saratani hii inakimbiziwa kisu. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 waliogundulika mapema. Wengine walipasuliwa, wengine walipigwa mionzi, wengine waliangaliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba baada ya miaka 15 hivi, waliouawa na saratani hiyo ni kama watatu tu kwa kila 100, kundi lolote lile. Siri ni hilo neno "mapema".

Kwa hiyo dingi akigonga 45, azungumze na daktari kuhusu kupima, hasa sisi watu weusi ambao hatari kwetu ni kubwa zaidi. Najua kumwambia baba mambo ya sehemu hizo ni kasheshe. Usimvamie mezani mbele ya watoto. Mtumie mjomba, au babu ambaye ana ruhusa ya kumtania. Ukiweza mwenyewe, mpe shikamoo yake, kaa chini, mwambie utamsindikiza.

Na usidhani unamsaidia yeye peke yake. Baba akiwa na saratani hii, hatari yako wewe inapanda kama mara mbili. Majibu yake ni yako pia, mshikaji.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.