Kuchuma si Kukata

Katika mdahalo wa darasa letu muhula uliopita, hoja ilipita kwa kura nyingi: misitu ya hifadhi ifungwe kabisa, asiingie mtu. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani. Tulipewa dakika tatu tatu, na zangu ziliisha kabla sijafika kwenye matungulu. Basi wenzangu, na walimu wetu mtakaosoma, nipeni nafasi hapa.

Naanza na lugha, kwa kuwa ndiyo tunayoisoma. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kutoa kitu msituni. Mtu huchuma tunda au jani, na mmea ukabaki umesimama. Huokota ukuni ulioanguka. Hukata mti, hubandua gome, hung'oa mzizi. Anayesema "wananchi wanaharibu msitu" amevitupa vitenzi vyote hivi katika gunia moja. Tena kuchuma ni kupata pato. Neno uchumi, ambalo mawaziri hulitamka kila siku, limetoka humo humo, kwenye mkono unaofikia tunda.

Sasa niseme ninachokijua kwa macho. Kwetu ni Buganda, kijiji kinachopakana na hifadhi ya msitu ambayo sitaitaja. Mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekatika na njia zimekauka, ssenga wangu, yaani shangazi, alinichukua siku nzima. Pembezoni, kwenye vichaka vya miiba, tulichuma nkenene, na zilizokolea weusi ndizo tamu. Ntuntunu tulizikuta ndani ya maganda yake makavu, membamba kama karatasi. Ndani zaidi, penye unyevu, kuna matungulu: tunda jekundu linalotokea chini kabisa, karibu na udongo, ambalo ukilipasua unakuta nyama chachu na mbegu nyeusi. Mtoto wa mjini atalipita bila kuliona. Kwa dawa alichukua majani ya mululuza na bbombo. Kwa mboga ya jioni, nsugga, ambayo kwa Kiswahili ni mnavu. Kila mmea aliuchuma upande mmoja tu. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hapiki mbegu ya kupanda.

Tulipotoka, mlinzi alikimwaga kikapu njiani. Ssenga alipiga magoti, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya mbele ya mkubwa, ingawa yule kijana alikuwa rika langu. "Ssebo, sijakata kitu," akasema. Mlinzi akamjibu kwamba sheria haijui kikapu.

Hakukosea sana, na hilo ndilo linaloniudhi. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya Uganda, ya mwaka 2003, inamruhusu mwananchi wa jirani kuchukua kuni kavu na mianzi katika hifadhi bila malipo, kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani, kulingana na mpango wa usimamizi. Maana yake sheria inajua kuokota, hata kukata inakujua, mradi ni mwanzi. Kuchuma haikutaji. Mwanzi ukikatwa umekatwa. Nkenene ikichumwa, kichaka chake kiko pale pale. Hii ni mantiki gani?

Wenzetu wa upande wa pili walisema: ukimruhusu mmoja, watakuja elfu. Hoja ina uzito, sikatai. Lakini mchoma mkaa hasubiri ruhusa ya mtu. Na tukumbuke nani hasa amewahi kuitishia misitu hii. Mwaka 2007 serikali ilipotaka kutoa hekta 7,100 za Mabira, karibu robo ya msitu mzima, zilimwe miwa, mpango ule haukuandikwa na wanawake wenye vikapu. Wananchi waliandamana Kampala, na watu walikufa. Au tazama mti ambao wataalamu huuita Prunus africana: uliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 1995 kwa sababu magome yake yalikuwa yakibanduliwa na kusafirishwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume. Hilo nalo tumtwike ssenga?

Huko huko Ulaya, nchini Finland, mtu yeyote, hata mgeni, anaweza kuchuma matunda ya porini na uyoga katika msitu wa mtu mwingine bila kuomba ruhusa, mradi asiharibu kitu. Kiangazi kikifika, familia hutoka na ndoo. Hata katika hifadhi zao za taifa watu huchuma matunda. Kwao jambo hili linaitwa haki. Kwetu, mwanamke akifanya lile lile anaitwa mvamizi, na sisi wanafunzi tunapiga makofi.

Mtaniambia Wafini ni wachache na sisi tumebanana. Ni kweli, basi tuache Finland, twende Bwindi. Msitu ule ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na Wabatwa wakatolewa, dhuluma ambayo haijalipwa mpaka leo. Hata hivyo, tangu miaka ile ya tisini, watu wa baadhi ya parokia zinazopakana nao wamekuwa wakiingia kwa makubaliano, katika maeneo yaliyotengwa, kuchukua mimea ya dawa na ya kusukia vikapu. Sokwe bado wapo. Kama hifadhi yenye sokwe inaweza kuwapangia watu utaratibu, hifadhi yenye nkenene inashindwa nini?

Ninachodai ni maneno matatu yaongezwe katika sheria ile baada ya kuni na mianzi: matunda, majani, uyoga. Magome na mizizi viachwe nje, kwa sababu gome likibanduliwa kuzunguka shina, mti unakufa. Mtu akikamatwa analibandua hivyo, ssenga atakuwa wa kwanza kutoa ushahidi.