Gari la Wakfu, Tope la Masika na Loki ya Difu



Wasomaji wetu watukufu, wengi wenu mwayakumbuka yaliyotufika katika masika yaliyopita. Gari letu la wakfu lilikwenda kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu katika kijiji kilicho ukingoni mwa mto Tana, ng'ambo ya Garsen. Kabla halijaifikia lami, lilinasa. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, yote ya upande wa kushoto, yalikuwa yakizunguka kama pia katika tope, na yale ya kulia, yaliyokuwa juu ya ardhi ngumu, yametulia tuli. Vijana wa kijiji walisukuma kwa muda wa saa mbili. Alhamdulillah, mama alifika hospitali na mtoto akazaliwa salama. Lakini kila aliyekuwapo siku ile ajua jinsi mambo yalivyokuwa karibu kuharibika.

Tangu siku hiyo kamati imekuwa ikishauriana kuhusu kulitia gari loki ya difu. Fedha zilizopo ni za michango yenu, nazo zatosha loki moja tu. Kwa kuwa mali ya wakfu ni amana, tumeona ni haki yenu kuelezwa jambo lenyewe ni nini, na kwa nini tumeelekea upande tulioelekea.

Tuanze na swali lililoulizwa sana: inakuwaje gari la fowili lishindwe na tope ilhali nusu ya magurudumu yake yamekanyaga ardhi ngumu?

Utazameni mkokoteni unapopinda kona katika vichochoro vya Mji wa Kale. Gurudumu la ndani husogea kidogo tu, na la nje hukimbia mwendo mrefu zaidi. Kwa mkokoteni hilo si tatizo, kwani kila gurudumu lajizungukia peke yake. Gari, hata hivyo, magurudumu yake huzungushwa na injini, na lau mawili ya ekseli moja yangefungwa pamoja, kila kona ingekuwa ni kuyaburuta matairi. Ndiyo sababu ikabuniwa difu, yaani lile kasha la gia lililo katikati ya ekseli, ambalo huyazungusha magurudumu yote mawili na huku likiyaruhusu kwenda kwa mwendo usiolingana. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820, na hadi leo kazi yake ni ileile.

Lakini neema hiyo ina ila yake. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Gurudumu lililo katika tope halihitaji ila nguvu ndogo kuzunguka. Basi na mwenzake aliye juu ya ardhi ngumu hupewa kidogo hichohicho, nacho hakimtoshi kulisogeza gari. Fowili huziunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma, lakini ndani ya kila ekseli mna difu yake, na kila difu yaweza kushindwa na gurudumu lake moja linaloteleza. Hayo ndiyo yaliyotokea siku ile. Loki huyafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kama kitu kimoja, hata lililo juu ya ardhi ngumu likapata nguvu ya kulitoa gari.

Wako waliotuambia kwamba magari ya kisasa hayahitaji loki, kwa kuwa yana kompyuta inayolishika breki gurudumu linaloteleza ili nguvu iende kwa mwenzake. Hilo ni kweli, na kwa utelezi mdogo lasaidia sana. Lakini mfumo huo hungoja gurudumu lianze kuteleza ndipo ufanye kazi, na katika tope refu breki hupata moto. Isitoshe, gari letu ni la zamani na halina mfumo huo.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni ile ambayo twaweza kuiita nusu-loki. Hii huupunguza mzunguko wa bure bila ya kuufunga kabisa, ama kwa sahani zinazosuguana ama kwa gia maalumu kama zile za Torsen. Haimsumbui dereva, nayo ni nzuri kwa barabara ya changarawe na lami yenye maji. Udhaifu wake ni kwamba gurudumu likining'inia hewani, au likizama katika tope jepesi kama uji, nguvu inayopelekwa kwa mwenzake huwa ndogo, na kwetu huo ndio wakati wa haja. Aidha, ile ya sahani huchakaa na hutaka mafuta yake mahsusi.

Ya pili ni loki inayojifunga yenyewe, mfano wake ikiwa Detroit Locker. Hukaa imefungwa daima, na gari likipinda huliachia gurudumu la nje lizunguke kwa kasi zaidi. Haina swichi, waya wala bomba, nayo ina sifa ya uimara. Baadhi ya wazee waliipendelea kwa sababu hiyo, na hoja yao ina uzito: kisicho na sehemu nyingi hakina mengi ya kuharibika. Hata hivyo, hugonga kwa kishindo inapojifunga na kujifungua, huharakisha kula matairi, na juu ya lami iliyolowa yaweza kulibadilisha gari mwenendo bila ya dereva kutarajia. Gari letu siku nyingi za mwaka hupita katika lami, likichukua watoto wa madrasa na wagonjwa, na huendeshwa na madereva watatu wa kujitolea ambao uzoefu wao haulingani. Hatukuona vyema kuwatwika tabia hiyo.

Ya tatu ni loki ya hiari, ambayo dereva huifunga anapoihitaji na kuifungua amalizapo. Ikifunguliwa, difu hurudi kuwa ya kawaida kabisa. Ziko zinazofungwa kwa umeme, kama zile ambazo Toyota huzitia katika baadhi ya magari yake ya Land Cruiser, na ziko zinazofungwa kwa upepo, kama ile ya kampuni ya ARB ya Australia. Ya umeme ina vitu vichache vya kufunga, ila viungo vya waya vyataka kulindwa na kutu, jambo ambalo sisi wa pwani twalijua kwa machungu. Ya upepo yahitaji kompresa na mpira mwembamba wa kupeleka upepo hadi kwenye ekseli, na mpira huo ukikatwa na kisiki, loki haifungi.

Kamati imeelekea kwenye ya upepo, na ifungwe ekseli ya nyuma. Sababu kubwa ni hiyo kompresa yenyewe. Ziko kompresa za loki zinazoweza pia kujaza matairi, nasi tutachagua ya namna hiyo. Mwenye kupita katika mchanga au tope hupunguza upepo wa matairi ili yatanuke na kuishika ardhi, lakini madereva wetu huogopa kufanya hivyo kwa kuwa hawana cha kuujazia tena wafikapo lami. Kwa kifaa kimoja tutakuwa tumepata mambo mawili. Na tumechagua nyuma kabla ya mbele kwa sababu loki ya mbele huufanya usukani kuwa mzito mno, na gari lililoelemewa na watu na mizigo hutegemea zaidi ekseli ya nyuma.

Vijana walitaka za mbele na nyuma pamoja, na winchi juu yake. Twaipenda himaya yao, lakini matairi ya gari hili yamekwisha meno. Loki hulazimisha magurudumu yote mawili yazunguke. Haiwezi kulipa tairi lenye upara uwezo wa kushika ardhi. Fedha itakayosalia baada ya loki ya nyuma itakuwa mwanzo wa matairi.

Kabla ya kununua, fundi ahakikishe mambo mawili: idadi ya meno ya hafu-shafti zetu, na uwiano wa gia za difu, kwani loki isiyolingana nayo haitaingia hata ikiwa ni ya gari la jina hilohilo. Kuifunga nako si kazi ya kubahatisha. Nafasi baina ya krauni na pinioni hupimwa kwa kipimo maalumu, na ikikosewa difu italia na hatimaye gia zitasagika. Fundi asiye na kipimo hicho, hata akiwa ndugu yetu na akitupunguzia bei, asipewe kazi hii.

Na kwa madereva tuna nasaha. Fungeni loki kabla ya kuingia topeni, gari likiwa limesimama au likitambaa. Msiifunge gurudumu likizunguka kwa kasi, kwani hivyo ndivyo gia na shafti zinavyovunjika. Ikiwa imefungwa, gari hupenda kwenda moja kwa moja, basi msipinde kwa ghafla. Mkifika penye ardhi ngumu, ifungueni hapohapo. Na mbele ya maji msiyoyajua kina chake, loki isiwatie ushujaa. Katika mafuriko ya mwishoni mwa 2023 tuliona Tana ikifunika barabara nzima, na hakuna kifaa cha difu kinacholisaidia gari lililochukuliwa na mkondo.

Mmoja wa wazee wetu alisema katika kikao kwamba mwenye kumtegemea Mungu hahitaji vyuma hivi. Tulimjibu kwa adabu kwamba imepokewa kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Mzee alicheka, akasema basi na tumfunge huyu ngamia wa chuma.

Mwenye rai tofauti na aje katika kikao cha Jumamosi baada ya sala ya Isha, kabla fedha haijatoka. Mwenye kumjua fundi wa difu aliye mwaminifu na aje naye. Mawingu ya masika hayatatungoja.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.