Ijumaa Asubuhi, Tumwage Maji Yaliyolala

Ndugu zangu wa Lamu, Shela, Matondoni na Kipungani, nanyi wa Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau na Kiwayu,

Aliyekuwa na akili zake hapa kwetu mwaka 2004 hahitaji kukumbushwa homa ile. Ilianza katikati ya mwaka, na mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni malaria. Watu wakatolewa damu, vimelea vya malaria visionekane. Mtu alilala mzima akaamka hawezi kukunja ngumi wala kushuka ngazi, vifundo vimevimba, magoti hayakunjuki. Homa yenyewe ilipungua baada ya siku chache, lakini maumivu ya viungo yalibaki, kwa wengine wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Fundi wa milango hashiki patasi, nahodha havuti kamba ya tanga, mama hainui ndoo. Maabara ikathibitisha kuwa ni chikungunya.

Watafiti waliopima damu za wakazi baada ya mlipuko walikuta watu watatu katika kila wanne wameambukizwa. Walikadiria kwamba walioambukizwa ni watu 13,500 hivi. Kabla mwaka haujaisha virusi vilikuwa Mombasa. Mwaka 2005 vikafika Komoro na Réunion, ambako hadi kufikia 2006 thuluthi moja ya wakazi walikuwa wameambukizwa, kisha India. Mwaka 2025 Réunion ilipatwa tena na mlipuko mkubwa, baada ya takriban miaka ishirini. Walioambukizwa zamani hubaki na kinga, lakini watoto wetu wengi waliozaliwa baada ya 2004 hawana kinga hiyo.

Sababu ya mlipuko wetu wa 2004 ndiyo inayonifanya niandike. Tumezoea kuona maradhi ya mbu kuwa ni ya wakati wa mvua nyingi. Mwaka ule ilikuwa kinyume. Mei 2004, wakati masika yalipaswa kuwa yamekolea, pwani yetu ilikuwa kavu na joto limezidi kiasi. Maji yakiwa adimu, mtu hujaza kila chombo alicho nacho na kukichunga, kwa kuwa hajui mengine yatapatikana lini. Pipa haliishiwi maji, wala halisafishwi. Mbu akapata alichokitaka, ndani ya nyumba zetu, katika maji tuliyoyatunza kwa taabu.

Mbu huyo aenezaye chikungunya, Aedes aegypti, ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama, kwa hiyo chandarua kinachotukinga na malaria usiku hakitusaidii sana kwake. Hataki kinamasi. Anapenda maji yaliyotulia kivulini: mtungi, pipa la jikoni, dumu lililokatwa shingo, kifuu cha nazi kilichotupwa uani, mashua iliyopandishwa pwani ikakusanya maji ya mvua. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja chombo kijazwe tena. Ndiyo maana kumwaga peke yake hakutoshi. Chombo lazima kisuguliwe. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi hivi. Na mbu huyu hasafiri mbali. Aghalabu umri wake wote huumaliza katika nyumba chache zinazopakana. Anayemuuma mwanao alasiri hii amezaliwa kwako, au kwa jirani ambaye ukuta wako ndio ukuta wake. Mbu huyo ndiye pia anayeeneza homa ya dengi, iliyoitesa Mombasa mwaka 2013.

Zamani, katika nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, birika la chooni lilikuwa na visamaki wake. Ukichungulia ndani ya birika la zamani utaona chini kabisa bakuli la kauri limepachikwa sakafuni, ili maji yakitekwa yakakaribia kwisha, samaki wabaki na pa kukaa mpaka birika lijazwe. Kazi ya visamaki hao ni kula viluwiluwi wa mbu. Mabirika mengi yamevunjwa, na mahali pake tumeweka mapipa ya plastiki na matangi meusi darini, ambayo mfuniko wake ukipeperushwa na kusi hakuna anayepanda kuurudisha. Mwenye birika lililo zima alirudishie samaki. Na wenzetu wa Pate, Ndau na Kiwayu mnaotegemea majabia ya maji ya mvua, mdomo wa jabia uwekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo, na palipo na ufa uzibwe.

Ninachoomba ni hiki. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya watu kuoga kwenda msikitini, kila nyumba imwage maji yaliyolala, isugue chombo kwa kumbi la nazi na mchanga kuanzia mdomoni hadi chini, ikisuuze, ikijaze upya na kukifunika. Maji ya kumwaga yasipotee: yaoshe choo, yamwagilie mimea, yanyweshwe punda. Tangi lisiloweza kumwagwa lifunikwe kwa kitambaa kizito kilichofungwa kamba, chini ya mfuniko wake. Siku saba si hesabu ya kubahatisha. Tukifanya hivyo kila wiki, viluwiluwi wengi hawatawahi kupata mbawa. Wenzetu wasioswali Ijumaa wachague siku yao, mradi iwe ile ile kila wiki.

Nyumba moja ikifanya na kumi zisifanye, tumejichosha bure. Kwa hiyo iwe kazi ya mtaa mzima: Mkomani, Langoni, Gardeni, Wiyoni, kila mtaa uwe na watu wake wawili watatu wa kubisha hodi. Maimamu watutangazie. Wanaume wasiwaachie akina mama peke yao. Pipa lililojaa ni zito, na siku hiyo wanaume wengi wapo nyumbani. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wamepewa vifaa na nyumba za kuzizungukia, tuwafungulie milango na kuwaonyesha hadi darini. Na mtu akipata homa kali ya ghafla pamoja na maumivu ya viungo, aende zahanati akapimwe, asinunue dawa za malaria dukani akanyamaza. Homa mbili tatu katika mtaa mmoja zikijulikana mapema, wakubwa wa afya wanaweza kuwahi.

Serikali ya kaunti nayo ina sehemu yake, na kusugua kwetu hakuiondolei wajibu huo. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya afya na ya maji safi ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaipa kaunti kazi ya afya ya msingi na ya kuzoa taka. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ina sehemu nzima juu ya mbu, inayotaja hata chupa tupu na makopo uani, na visima visivyofunikwa. Tudai ratiba ya maji inayotangazwa na kufuatwa, maana mtu anayejua maji yatatoka Jumatatu hatahifadhi ya wiki mbili. Tudai mitaro isafishwe kabla ya masika, si baada yake, na maafisa wa afya ya umma wawe wa kutosha kufika visiwa vyote, pamoja na mafuta ya boti ya kuwafikisha. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Twende vikaoni tukayaseme haya kwa majina ya mitaa yetu.

Limebaki jambo la nyumba zilizofungwa. Lamu na Shela zina nyumba nyingi ambazo wenyewe wako Nairobi au Ulaya, na wazee wengine wanaishi peke yao na hawawezi kupanda ngazi. Wasimamizi wa nyumba hizo, ninyi ndio wenye funguo: fungueni kila Ijumaa, tazameni matangi, vidimbwi vya kuogelea visivyotiwa dawa na vyungu vya maua. Na kwa mzee jirani, vijana wawili waingie na ndoo, wamalizie pipa lake kabla ya lao.