Ngoma Isibaki Nje ya Rekodi



Naandika kutoka hapa Mombo. Tafakari ya juma hili inahusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno kwa padre kuliandikia: maikrofoni zipi zinunuliwe kwa ajili ya kurekodi ngoma za kwaya. Kwaya yetu inajiandaa kurekodi nyimbo zake kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba, na michango imekwisha kuanza. Fedha hizo zinatoka kwa wakulima wa mpunga na mahindi, kwa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, na kwa akina mama wauzao matunda kandokando ya barabara kuu. Senti ya mama huyo si ya kuchezewa.

Katika mazungumzo baada ya Misa nimesikia maoni ya namna tatu. Wapo wasemao kwaya isafiri hadi Dar es Salaam ikalipie studio. Wapo wasemao tununue maikrofoni za bei ya juu kabisa, la sivyo tusinunue chochote. Na wapo, nao si wachache, wasemao ngoma ziachwe, mpiga kinanda abonyeze mdundo uliomo ndani ya kinanda, yaishe. Maoni yangu nayasema mapema ili nisiwachoshe: jozi moja ya maikrofoni za bei nafuu, zikitundikwa juu ya ngoma kwa kipimo na uangalifu, inatutosha, na ngoma zetu zisiachwe kamwe.

Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo zito zaidi. Ngoma haikuingia kanisani kwa urahisi. Babu zetu wengi walipobatizwa waliiacha nje ya mlango, wakafundishwa nyimbo za Kilatini na kinanda. Mwaka 1958, huko Kamina katika Kongo, padre Mfransisko aitwaye Guido Haazen na kwaya yake waliimba Misa ya Kilatini kwa mapigo ya ngoma za Kikongo, nayo ikarekodiwa na kujulikana duniani kote kwa jina la Missa Luba. Mwaka 1963 mwenzetu, Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika, alitoa kitabu chake Church Law and Bantu Music, akichunguza jinsi sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu vinavyoweza kupatana. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium. Namba 119 yataka mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe heshima yanayostahili, na namba 120 yaruhusu ala nyingine mbali na kinanda, mradi zifae kwa matumizi matakatifu na zipatane na hadhi ya hekalu.

Baada ya safari yote hiyo, leo ngoma inatolewa tena, na safari hii hakuna aliyeikataza. Inatolewa kwa sababu ni vigumu kuirekodi, na kitufe cha kinanda kiko karibu. Sikilizeni rekodi nyingi za kwaya zetu: sauti za waimbaji ni za watu, lakini mdundo ni wa mashine, uleule kutoka wimbo hata wimbo. Mzee aliyepiga ngoma Jumapili zote za mwaka husimama pembeni siku ya kurekodi, kisha hununua rekodi ambayo mikono yake haimo. Mimi naona hilo ni hasara kwa parokia, na kwa mzee yule ni dhuluma ndogo isiyosemwa.

Basi ugumu wenyewe ni nini? Ngoma ni chombo chenye kelele kubwa, chenye sauti nzito na nyepesi kwa pamoja, na mara nyingi hazipigwi peke yake. Ngoma kubwa inanguruma, chapuo inaitikia, kayamba na manyanga vinajaza nafasi. Ukiweka maikrofoni moja karibu kabisa na ngozi ya kila ngoma utahitaji maikrofoni nyingi, nyaya nyingi na fundi mwenye masikio mazuri wa kuzipatanisha. Lakini hakuna mwanadamu anayesikiliza ngoma akiwa ameweka sikio juu ya ngozi yake. Tunaisikia kutoka mbali kidogo, wakati sauti zake zimekwisha kuchanganyika hewani. Maikrofoni zinazotundikwa juu ya wapigaji hufanya kazi hiyohiyo ya sikio: husikia kundi zima kama kundi.

Wala huu si uzushi wa maskini. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika akirekodi waimbaji na wapiga ngoma vijijini. Alikuwa na mazoea ya kuishika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza kwa wapigaji kadiri muziki ulivyokwenda. Hazina aliyokusanya imehifadhiwa na maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, nayo husikilizwa hadi leo. Na kwa vijana wetu wanaopenda kutaja mabendi ya Ulaya: Glyn Johns, fundi wa Uingereza, mwaka 1968 alirekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mjini London, na amekuwa maarufu kwa kurekodi drum seti nzima kwa maikrofoni tatu au nne tu. Walichokuwa nacho watu hao wawili zaidi yetu ni subira ya kusikiliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Maikrofoni tulizozoea kanisani, zile za kuimbia, ni za dainamiki. Ni imara, huvumilia kuanguka na hazihitaji umeme wake zenyewe, lakini zimetengenezwa kusikia kinywa kilicho karibu. Ukizitundika mita moja juu ya ngoma, mlio wa kayamba hufifia na kuwa kama unatoka chini ya blanketi. Kwa kazi ya juu zinafaa zaidi maikrofoni za kondensa, zile nyembamba kama kalamu nene, ambazo zina wepesi wa kusikia sauti kali na za haraka. Hizo huhitaji umeme wa volti 48, unaopita katika waya uleule wa sauti kutoka kwenye mixa, au kwenye kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta. Kabla ya kununua, hakikisheni kisanduku hicho kina nafasi mbili za maikrofoni na kinatoa umeme huo. Nunueni jozi ya aina moja, zenye kusikia zaidi upande wa mbele, ili zisibebe kelele zote za nyuma.

Bei je? Jozi ya Behringer C-2 huuzwa ng'ambo kwa chini ya dola 100. Jozi ya Rode M5 ni karibu dola 200. Juu ya hizo bei hupanda hadi kufikia maelfu. Ni haki kuuliza: nini kinakosekana katika zile za chini? Yanakosekana mambo mawili hasa. Kwanza, maikrofoni ya bei ndogo huwa na mchirizo wake wa ndani, kama mvuke unaotoka kwenye birika. Ukirekodi mtu anayenong'ona, mchirizo huo utausikia. Lakini ngoma hainong'oni. Kelele yake huufunika kabisa. Pili, nyingi kati ya hizo huzidisha ukali wa sauti za juu, na kasoro hiyo hujitokeza zaidi kwenye matoazi ya drum seti. Ngoma zetu za ngozi hazina ukali huo, na kayamba ukiweza kulisogeza nyuma hatua mbili, tatizo limekwisha. Kwa maneno mengine, kasoro za maikrofoni nafuu ni zile ambazo ngoma zetu huzisamehe. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema zinatutosha.

Najua mtanijibu kwamba rahisi ni ghali. Methali hiyo ni ya kweli, nami nailekeza mahali pake. Ghali ya kweli ni maikrofoni bandia yenye jina kubwa, inayouzwa kwa nusu ya bei bila risiti. Heri jina dogo la kweli kuliko jina kubwa la uongo. Ghali nyingine ni kubana matumizi kwenye stendi na nyaya. Maikrofoni iliyotundikwa juu ya kichwa cha mzee wetu inahitaji stendi ndefu, nzito, yenye mfuko wa mchanga miguuni. Ikianguka itaumiza mtu na kuvunjika yenyewe. Afadhali maikrofoni za dola 100 juu ya stendi imara kuliko za dola 500 juu ya stendi inayoyumba.

Aidha, mahali pa kuziweka hapalipiwi hata shilingi, napo ndipo penye siri yote. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde moja. Yaani kila sentimita 34 ni elfu moja ya sekunde. Maikrofoni moja ikiwa mbali na ngoma kubwa kuliko mwenzake, pigo moja litafika kwa nyakati mbili, na zikichanganywa baadhi ya sauti zitauana. Ngoma nzito itasikika kama debe. Dawa yake ni kamba ya katani, ambayo hapa kwetu haikosekani. Fungeni fundo moja katikati ya ngoma kubwa, pimeni hadi maikrofoni ya kwanza, kisha kwa urefu uleule wekeni ya pili. Kimo cha mita moja hivi juu ya ngozi ni mwanzo mzuri. Halafu sikilizeni kwa simu yenye spika moja, kwa kuwa hivyo ndivyo wengi watakavyosikiliza rekodi yenu. Ngoma ikipungua nguvu hapo, rudini kwenye kamba.

Yatazameni pia mazingira. Bati la paa hurudisha sauti kwa ukali, basi msizikaribishe maikrofoni na bati. Tandikeni mikeka chini na kuning'iniza vitenge kwenye kuta za karibu. Mvua za vuli zikianza, bati lile litapiga ngoma yake lenyewe, kwa hiyo msingoje wiki ya mwisho. Malori yanayopita kwenda Moshi na Dar es Salaam hatuwezi kuyasimamisha, ila twaweza kungoja yapite. Kiwango cha sauti nacho kisiwe cha juu mno: wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na rekodi ni vivyo hivyo, kwani sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki tena. Mkimaliza, zihifadhini maikrofoni ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu.

Kuhusu studio za mjini, siwadharau mafundi wake. Wapo wenye kipaji kikubwa, na huenda kazi ya mwisho ya kusafisha sauti ikafanywa nao. Lakini hesabuni: nauli ya waimbaji thelathini, chakula, malazi, na malipo ya saa za studio. Kisha chumba ni kidogo, saa inakwenda, na ngoma tatu za ngozi na wapigaji wake hawaenei. Hapo ndipo fundi, kwa nia njema, husema: "Tutumie ya kwenye mashine." Fedha ya mwaka mzima inaisha kwa siku mbili, na kwaya inarudi mikono mitupu, bila kifaa na bila ujuzi. Vifaa vikibaki parokiani, vitarekodi pia nyimbo za watoto, na nyimbo za Kisambaa, Kizigua na Kipare ambazo wazee wetu wanaondoka nazo mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo napendekeza mbele ya halmashauri ya walei: inunuliwe jozi moja ya kondensa nafuu, stendi mbili nzito, nyaya nzuri na kisanduku cha nafasi mbili, risiti zisomwe kanisani na vifaa viingizwe katika daftari la mali ya parokia. Itengwe Jumamosi moja nzima ya kujaribu tu, bila kurekodi wimbo wowote wa kuuzwa. Na liwekwe sharti moja: wimbo ambao Jumapili hupigwa kwa ngoma, urekodiwe kwa ngoma, na majina ya wapiga ngoma yaandikwe pamoja na ya waimbaji.

Asiyekubaliana nami alete hoja yake kikaoni, nitamsikiliza. Ila aje akiwa amekwisha kumwuliza mpiga ngoma anaonaje.

Nawatakieni juma lenye baraka. Mtakatifu Sesilia, utuombee.