Ndege Ndogo za Arua: Hofu Isiyo Mahali Pake

Mazungumzo ya ndege hayakauki Arua na Koboko, hata kwa watu ambao hawajawahi kuipanda. Kila mtu ana binamu aliyenusurika, au shemeji aliyeapa kutorudia. Katika hayo yanayosemwa yamo ya uongo mtupu, na yamo ya kweli yaliyowekwa mahali pasipo pake. Nitayachukua kama yanavyosemwa.

“Ndege ya injini moja, injini ikizima, mmekwisha.” Hamjaisha. Cessna Caravan, ambayo ndiyo hutumiwa sana na mashirika ya misheni na ya misaada huku kaskazini mwa Uganda, ikizimika mita 3,000 juu ya ardhi bado huweza kuteleza angani zaidi ya kilomita 30 kabla ya kugusa chini. Tena imeundwa iweze kupunguza mwendo hadi karibu kilomita 113 kwa saa bila kudondoka. Hiyo ni kasi ya basi la usiku linaloiwahi alfajiri ya Pakwach. Kutua kwa dharura shambani si jambo la kutamani, lakini watu hutoka wazima.

Historia ya jirani zetu inasema vivyo hivyo. Tarehe 23 Januari 1954, mwandishi Ernest Hemingway alikuwa akitazama maporomoko ya Murchison kutoka angani katika Cessna 180 ya injini moja. Ndege iligonga waya wa zamani wa simu na kuanguka porini. Wote waliokuwamo walipona. Kesho yake, huko Butiaba kando ya Ziwa Albert, alipanda de Havilland Dragon Rapide ya injini mbili ili apelekwe mahali salama. Ndege hiyo ilishindwa kuruka, ikashika moto, na majeraha makubwa aliyapata humo. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake, naye akayasoma mwenyewe. Na tusiende mbali mno: Let 410 iliyotoka Juba tarehe 9 Septemba 2018 na kuanguka katika ziwa la Yirol, ikaua watu wapatao 20, ilikuwa na injini mbili. Asubuhi ile ilikuwa na ukungu, na wingi wa injini haumsaidii rubani kuona.

“Kilo chache hazidhuru.” Dai hili halitoki kwa waoga, linatoka kwa wajasiri, na kwangu ndilo baya kuliko yote. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko tayari ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Sasa ongeza jua la Februari. Saa nane mchana joto likifika nyuzi 33, hewa hupanuka hata ndege ikawa kama inaondoka kwenye uwanja ulio zaidi ya mita 2,000 juu. Mabawa hupata kidogo cha kushika, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka, kisha hupanda polepole. Caravan ya aina ya 208B hairuhusiwi kuzidi kilo 3,969 wakati wa kuruka, na ndani ya hesabu hiyo mna ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo. Ndiyo maana unapimwa wewe pamoja na begi lako. Mama anayetaka kupitisha madumu mawili ya asali na fungu la samaki wa angara kwa ajili ya mwanawe Kampala hana nia mbaya, lakini yuko abiria mwingine nyuma yake mwenye madumu yake, na mwingine tena. Anayefahamiana na mpima mizigo asitumie ujamaa huo hapa.

“Rubani mzoefu haogopi mawingu.” Rubani mzoefu ndiye anayeyaogopa. Tarehe 5 Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare katika hali mbaya ya hewa, wakafa wote 10. Huku kwetu milima ni midogo, Wati kule Terego, Liru kule Koboko, lakini mlima mdogo uliofichwa na wingu unaua sawasawa na mkubwa. Mwezi wa nane hadi wa kumi mawingu yetu ya radi ya alasiri hujengeka upesi, na upepo ndani yake unaweza kuipiga ndege ndogo chini karibu na uwanja. Wakati wa kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi la kaskazini hufunika upeo wa macho hata siku isiyo na wingu.

“Tatizo ni murram.” Si kubwa hivyo. Waliounda ndege hizi walifikiria viwanja vya udongo kama huo wa murram. Mbuzi, watoto na boda zinazokatiza njia ya kurukia ni hatari zaidi, na hao si wa mamlaka ya usafiri wa anga, ni wetu.

“Basi ni salama zaidi.” Polisi ya Uganda ilihesabu vifo 5,144 barabarani mwaka 2024, kwa hiyo anayeikimbia ndege aseme ukweli anakimbilia wapi. Wazee wanakumbuka pia miaka ambayo waasi wa LRA walivizia magari kati ya Karuma na Pakwach, na aliyekuwa na nauli ya ndege hakujiuliza mara mbili. Hata hivyo siungani na wanaojibu kwamba ndege ndiyo salama kuliko vyombo vyote. Usemi huo umejengwa juu ya takwimu za ndege kubwa za abiria, zinazotua kwenye viwanja vyenye taa, rada na zimamoto. Ndege ndogo za porini ziko chini ya hapo, na kampuni nazo hazilingani.

“Ikichelewa, ni uzembe tu.” Mara nyingine ni uzembe kweli. Lakini viwanja vidogo vya kaskazini havina taa, na jua kwetu huzama karibu na saa moja jioni. Safari iliyokosa nafasi yake alasiri haina tena mahali pa kutua salama. John Garang aliondoka Uganda jioni ya tarehe 30 Julai 2005 kwa helikopta ya rais wa Uganda kuelekea New Site, kusini mwa Sudan, wiki tatu tu baada ya kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Giza na hewa mbaya viliwakuta milimani mpakani, wakafa yeye na wenzake 13.

Kwa hiyo ndugu msafiri, ukiwa na miadi ya hospitali ya Mulago au mazishi ya kuwahi, kata tiketi ya siku moja kabla. Rubani akisema leo haruki, usimpigie simu mkubwa yeyote amlazimishe.