Kumsubiri Dereva Alalamike ni Kuchelewa

Mwezi uliopita niliingia gereji ya kampuni moja ya malori yanayopeleka mzigo Tunduma na kuvuka kwenda Zambia. Ukutani, juu ya pipa la oili chafu, palikuwa na tangazo jipya lenye mhuri wa ofisi: habu za matrela hazitakaguliwa tena kwa ratiba. Fundi atazigusa pale tu dereva atakapoleta malalamiko. Sababu iliyoandikwa ni kubana matumizi. Nililisoma mara mbili. Uamuzi huu ni wa hatari, na ofisi iliyoutoa iufute.

Kwa asiyeyajua malori, habu ni kile chuma kinene katikati ya gurudumu ambacho rimu hufungwa juu yake. Ndani mna beringi mbili, ya nje na ya ndani, zinazozunguka kwenye ncha ya ekseli. Mna grisi au oili ya kuzilainisha, na kwa nyuma sili inayozuia kilainishi kisitoke, vumbi na maji visiingie. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari lenye ekseli 7 kufika tani 56, gari na mzigo wake. Gawanya kwa habu 14, mbili kwa kila ekseli: kila moja imebeba wastani wa tani 4. Kuanzia Vigwaza hadi Mpemba, mizani inaupima uzito huo safari nzima. Hali ya habu inayoubeba imeachiwa mwenye gari.

Wenye magari wana hoja zao. Lori likilala gereji haliingizi pesa. Habu ikifunguliwa ovyo huingia mchanga, na fundi mzembe anaweza kuharibu kilichokuwa kizima. Tena zipo habu za kisasa zinazofungwa kiwandani na kukaa muda mrefu bila kuongezwa grisi. Yote hayo ni kweli. Lakini kunyanyua gurudumu kwa jeki, kulizungusha na kulitikisa si kufungua habu. Ni kazi ya dakika chache, na hata hizo habu za kisasa zinahitaji kukaguliwa.

Kinachoniudhi ni imani iliyobeba tangazo lile, kwamba beringi ikianza kuharibika dereva atajua. Hatajua. Kwa beringi nyingi za malori zinazokazwa kwa mkono, mchezo, yaani ulegevu mdogo, unaoruhusiwa baada ya kufunga nati ni kati ya milimita 0.025 na 0.127. Kiwango hicho cha juu hakifiki unene wa karatasi mbili za daftari. Ukikaza kupita kiasi, beringi inaungua. Ukilegeza, gurudumu linayumba na sili inalika. Fundi mwenyewe anahitaji kipimo maalumu ili aione tofauti hiyo. Dereva aliye ndani ya kebini ataionea wapi? Gurudumu la mbele likilegea, huenda usukani ukamwambia. La trela liko mita kumi na zaidi nyuma yake, limetenganishwa naye na injini inayonguruma, springi na tani za mzigo. Kelele ikimfikia pale alipo, beringi imekwisha siku nyingi.

Siku hiyohiyo, pale gereji, niliyaona haya kwa macho yangu. Lori lilikuwa limerudi kutoka Tunduma, na fundi mmoja mtu mzima, ambaye hakulipenda lile tangazo, akalipiga jeki kwenye ekseli ya mwisho ya trela, kisha akamgeukia dereva.

"Umesikia chochote njiani, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Gari iko safi kabisa."

Fundi akalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja, wa pili akauweka juu ya springi. Akatulia kama anayepima mapigo ya moyo. Kisha akaniita niweke mkono wangu palepale, nikausikia mkwaruzo mdogo unaopanda kwenye chuma. Alipofungua, grisi ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua. Rola za beringi ya ndani zilikuwa na vidonda kama chuma kilicholiwa na kutu, na pembeni zimegeuka rangi ya buluu kwa joto. Dereva hakuwa mwongo. Alikuwa ameulizwa jambo asiloweza kulijua.

Sasa endelea na safari ambayo gari lile lingeifanya. Grisi inayeyuka na kupita kwenye sili iliyochoka, inafika kwenye liningi ya breki, breki ya gurudumu hilo inateleza. Mtelemko wa Kitonga haumsamehe mtu mwenye breki pungufu. Joto likizidi, tairi linaweza kushika moto. Beringi ikisagika kabisa, nati haina tena cha kushikilia: habu, dramu ya breki na tairi zote mbili zinachomoka kwa pamoja, mzigo wa kilo mia mbili na zaidi unaobingirika kwa mwendo wa gari. Utamkuta nani? Mama aliyekaa na vitunguu vyake pembeni ya barabara Ruaha Mbuyuni hakulisoma lile tangazo wala hakuombwa ridhaa. Wenye ofisi, fedha mnazobana mnazihamishia kwenye uhai wake.

Jimbo la Ontario, Kanada, lilichoshwa na vifo vya namna hii. Sheria yao ya mwaka 1997 inasema gurudumu la lori likichomoka barabarani ni kosa, na kujitetea kwamba ulijitahidi hakukuokoi. Faini inafika dola 50,000 za Kanada. Kule neno "dereva hakulalamika" halina thamani mahakamani. Hapa kwetu limefanywa utaratibu wa kazi.

Ninachodai si kigumu. Kila trela linaporudi, kila gurudumu linyanyuliwe na kuzungushwa, na nyuma yake pamulikwe kwa tochi kutafuta grisi inayovuja. Habu ikifunguliwa, sili iwekwe mpya, na mchezo wa beringi upimwe. Kila habu iandikwe daftarini: tarehe, kilomita, na jina la fundi aliyeigusa.

Lile lori liliondoka siku ya pili likiwa na beringi mpya, kwa sababu mzee mmoja alikataa kumsubiri dereva. Ofisi imwombe radhi mzee huyo, kisha ilibandue lile tangazo.