Sindano Kavu na Kifua cha Mchimbaji

Desemba 2018, Mahakama ya Juu ya jimbo la North Carolina nchini Marekani iliamua kwamba sindano kavu, yaani sindano nyembamba isiyo na dawa ambayo huchomwa kwenye fundo la msuli ili lilegee, ni kazi halali ya wataalamu wa tiba ya viungo na si miliki ya waganga wa akupancha. Ubishi huo wa nani mwenye sindano unaudhi, kwa sababu unamsahau anayechomwa. Na ukiletwa Tiira, kwenye mashimo ya dhahabu ya wilaya ya Busia nchini Uganda, hauna maana yoyote.

Watetezi wa tiba hiyo wana hoja yao. Utafiti wa Ireland uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia matibabu 7,629 bila kukuta madhara makubwa, bali michubuko, damu kidogo na maumivu ya muda tu, na wagonjwa wengi hupata nafuu ya majuma kadhaa. Hilo likubaliwe.

Lakini sindano hizo zilishikwa na wataalamu 39 waliofunzwa, na Tiira haikuwamo. Msuli unaomuuma mchimbaji ni ule unaotoka shingoni hadi begani, uliokazwa na sururu, kamba na magunia ya mawe, na chini yake, kwa kina ambacho sindano yenyewe huweza kukifikia, iko ncha ya pafu. Likitobolewa, hewa hujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu husinyaa. Mtu mwenye mapafu mazima huweza kulistahimili hilo. Aliyepumua vumbi la mwamba uliopondwa kwa miaka, ambalo huleta silikosisi, yaani makovu ya mapafu, na kumfungulia mlango kifua kikuu, hana akiba ya pumzi ya kupoteza. Basi ni ujasiri gani huu wa kumchoma begani mtu ambaye kifua chake hakijapimwa?

Tena dalili zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi shimoni, mbali na hospitali ya Masafu au ya Tororo. Huko kikohozi, kichomi na kuhema ni mambo ya kila siku, na wenzake watalilaumu vumbi.